Kanuni na Deni: Kwa Nini Msomaji Hupenda Hadithi Isiyovunja Asili

Utangulizi

Miongoni mwa maswali ambayo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeyapa nafasi ndogo ni lile linalomhusu msomaji anayeijua hadithi kabla hajaisoma. Wahakiki wamezoea kumchukulia msomaji kama msafiri atokaye katika kutojua kuelekea kujua, na taharuki kama kamba imvutayo njiani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya fasihi ya pwani haikutungwa kwa ajili ya msomaji wa aina hiyo. Aliyekaa kusikiliza habari za Fumo Liyongo alijua tangu mwanzo kwamba shujaa atakufa, kwamba atauawa kwa sindano ya shaba, na kwamba mkono utakaoishika sindano hiyo ni wa mwanawe. Alisikiliza hata hivyo. Na lau msimulizi angeigeuza sindano kuwa mshale, au mwana kuwa mgeni, msikilizaji huyo angemkatiza na kumrudisha njiani.

Suala hili limepata uzito zaidi kutokana na utanzu uliostawi sana tangu nusu ya pili ya karne ya ishirini, nao ni ule wa hadithi za mashabiki: hadithi ambazo wapenzi wa kazi fulani huzitunga kwa kuwatumia wahusika na ulimwengu wa kazi hiyo, ilhali wao si watunzi wake wa kwanza. Mwaka 1967 wapenzi wa tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo Star Trek walitoa jarida lao, Spockanalia, na tangu hapo utanzu huo umeenea duniani. Mtu angetarajia kwamba watunzi na wasomaji waliojitwalia uhuru mkubwa kiasi hicho wangeshangilia zaidi kila kinachoibomoa kazi ya asili. Wapo wanaofanya hivyo. Lakini wapo pia, tena wengi, ambao sifa ya kwanza wanayoitaja wanapoisifu hadithi ni kwamba imebaki ndani ya kanuni: haikumtia mhusika maneno asiyoweza kuyasema, wala haikulifuta tukio lililokwisha kutukia.

Makala hii inakusudia kuchunguza mapenzi hayo. Inadai kwamba hayatokani na woga wa mambo mapya wala na uvivu wa fikira, bali yana msingi wa kimaadili. Katika hadithi, kanuni ndiyo inayohifadhi deni. Na hadithi inayobaki ndani ya kanuni hupendwa kwa sababu inalihesabu deni hilo bila ya kulifuta.

Kanuni kama ufito

Neno lenyewe linastahili kutazamwa. Wapenzi wa hadithi za mashabiki wanaozungumza Kiingereza hutumia istilahi inayotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ufito wa kupimia. Neno hilo hilo, kwa kupitia Kiarabu, ndilo lililotupatia kanuni katika Kiswahili. Kwa Wakristo lilikuja kutaja orodha ya vitabu vinavyokubaliwa kuwa Maandiko. Mwaka 1911 Ronald Knox, msomi wa Oxford, aliandika makala ya nusu mzaha akizichambua hadithi za Sherlock Holmes kana kwamba ni Maandiko yanayochunguzwa na wanateolojia, na mzaha huo ulichangia kulihamisha neno kutoka dini hadi burudani.

Ufito wa fundi haujengi nyumba. Kazi yake ni kuonyesha kama ukuta umesimama wima, na yeyote anayeushika, awe fundi mkuu au mwanagenzi, anaweza kuutumia kumkosoa mwenzake. Tabia hii ya ufito inaeleza jambo la kwanza kuhusu mapenzi ya msomaji. Kanuni humpa mamlaka. Pale ambapo hadithi haina kanuni, msimulizi husema apendavyo na msikilizaji hana la kujibu isipokuwa kupendezwa au kuchoshwa. Pale ambapo kanuni ipo, msikilizaji aweza kusema: hivyo sivyo ilivyokuwa.

Mfano wa Magogoni, katika Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa, unaweza kulifafanua jambo hili. Upande huu wa bara, uliounganishwa na kisiwa kwa daraja la Nyali lililoelea tangu 1931 na kisha kwa daraja la zege la mwaka 1980, umepokea watu wa asili nyingi: Waswahili, Wamijikenda, na wengi waliotoka bara ya mbali kutafuta kazi mjini. Liyongo si wa huku. Habari zake zinafungamana na Pate, Shaka, Ozi na nchi ya mdomo wa mto Tana, mbali upande wa kaskazini. Kijana wa Magogoni ambaye wazazi wake hawakuzaliwa pwani hukutana na Liyongo darasani, katika masomo ya fasihi simulizi, kama mfano wa mighani. Hana nasaba inayompa haki juu ya hadithi hiyo. Lakini akishaijua sawasawa, anaweza kumsahihisha hata mwenye nasaba. Kushika kanuni, kwa mtu kama huyo, ndiko kunakomwingiza katika baraza. Kwa hiyo anayeiona kanuni kuwa ni mali ya wazee na wenyeji peke yao anasahau kwamba mgeni ndiye anayeihitaji zaidi, kwa kuwa bila ya hiyo hawezi kumbishia mwenyeji.

Umbo na ulimwengu

Kabla ya kuendelea, inafaa kutenga aina mbili za uaminifu ambazo mara nyingi huchanganywa. Upo uaminifu kwa umbo na upo uaminifu kwa ulimwengu wa hadithi. Mjadala mkali wa ushairi wa Kiswahili uliopamba moto katika miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, ulihusu aina ya kwanza. Wanamapokeo walitetea arudhi, yaani vina, mizani na beti, ambazo Kaluta Amri Abedi alikuwa ameziwekea mwongozo katika Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954. Wanamabadiliko walidai haki ya kutunga bila ya kufungwa nazo. Kila upande ulikuwa na hoja nzito, lakini suala la makala hii ni jingine. Mtunzi anaweza kuandika juu ya Liyongo kwa nathari, kwa tamthilia au kwa shairi huru, na bado akawa mwaminifu kabisa kwa ulimwengu wa Liyongo. Na mwingine anaweza kuzilinda mizani zote na akamfanya Liyongo mtu ambaye hakuna amjuaye.

Hata hivyo, mapokeo ya Kiswahili yana utanzu mmoja ambamo aina hizi mbili hukutana, nao unatoa mwanga mkubwa juu ya suala lililopo. Huo ni takhmisa.

Takhmisa: nyongeza inayotangulia

Takhmisa ni utungo wa vipande vitano kwa kila ubeti, ambao umejengwa juu ya utungo wa mtu mwingine. Mtunzi wa pili huchukua vipande viwili vya ubeti wa asili na kuviongezea vitatu vya kwake. Utaratibu huu ulitoka katika ushairi wa Kiarabu, ambako Qasida ya Burda ya al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya kumi na tatu, ilitungiwa takhmisa nyingi. Katika Kiswahili, mfano mashuhuri ni Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ambaye pia ndiye mtungaji wa Al-Inkishafi. Mshairi huyu aliyakuta maneno yanayohesabiwa kuwa ya Liyongo, akayatungia nyongeza yake.

Jambo la kuzingatia ni mahali ambapo nyongeza hukaa. Akili ya haraka ingedhani kwamba anayeongeza huja baada ya aliyetangulia, kama vile aandikaye sura mpya mwishoni mwa kitabu. Katika takhmisa mambo ni kinyume. Vipande vitatu vipya hutangulia, na viwili vya asili hufuata. Aliyekuja nyuma kwa wakati anazungumza kwanza, na neno la mwisho la kila ubeti ni la yule ambaye hawezi tena kusema. Zaidi ya hayo, vipande vipya hulazimika kufuata kina cha kipande cha kwanza cha asili, kwa hiyo mtunzi wa pili huanza kila ubeti akijua ni wapi lazima afike.

Msikilizaji wa takhmisa naye anajua. Anapovisikia vipande vitatu vya kwanza, swali lake si kitakachofuata, kwa kuwa kitakachofuata amekihifadhi. Swali lake ni namna gani mtunzi huyu atavifikia vipande vile viwili, na vitakuwa na maana gani vitakapofikiwa kwa njia hii mpya. Maneno ni yale yale, lakini yanasikika kama jibu la jambo ambalo zamani halikuwa limeulizwa. Hiyo ndiyo ladha ya hadithi iliyo ndani ya kanuni, na wasomaji wa hadithi za mashabiki wanaitafuta ladha hiyo hiyo, ingawa wengi wao hawajapata kulisikia neno takhmisa. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo kwa kawaida hutajwa kumkumbusha mtu kwao. Lakini pia inaeleza raha ya safari ambayo marejeo yake yanajulikana, na ambayo kwa sababu hiyo humwachia msafiri nafasi ya kuitazama njia.

Mwana wa Liyongo

Mpaka hapa hoja inahusu ladha. Inabaki kuonyesha kwamba ladha hiyo imebeba maadili, na hakuna mahali panapolionyesha hilo kuliko kisa cha mwana wa Liyongo.

Katika Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 na kujumuishwa na M. M. Mulokozi katika Tenzi Tatu za Kale mwaka 1999, mwana anatumwa na maadui wa baba yake kwenda kuuliza ni kitu gani kiwezacho kumuua. Ameahidiwa binti wa mfalme. Liyongo anatambua kwamba mwanawe ametumwa, na pamoja na hayo anamwambia. Mwana anarudi na sindano ya shaba, anaitia katika kitovu cha baba yake aliyelala, na Liyongo anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anatia mshale katika uta, na kufa katika hali hiyo, watu wakimdhania yu hai na wakiogopa kukaribia maji.

Tuseme kwamba mwanafunzi mmoja wa Magogoni amepewa zoezi la kutunga hadithi juu ya mwana huyo. Njia mbili ziko mbele yake. Ya kwanza ni kumwokoa: mwana anatubu mlangoni, au sindano inakosa, au inabainika kwamba aliyeishika ni mtu mwingine aliyejifanya mwana. Hadithi kama hiyo yaweza kusisimua. Lakini mara inapokwisha, hakuna kilichobaki cha kufikiriwa. Mwana hana alilolitenda na baba hana alilosamehe. Njia ya pili ni kuacha kila kitu kama kilivyokuwa, na kuingia katika usiku ule ambao utendi unaupita kwa haraka: mwana ameketi karibu na baba aliyelala, sindano mkononi, naye anajua kwamba baba ndiye aliyempa siri. Je, alidhani kwamba baba amemwamini? Au alielewa kwamba baba ameona kila kitu, na kwamba siri ile ilikuwa ni namna ya kumwachia uamuzi? Kanuni haijibu. Inachofanya kanuni ni kuhakikisha kwamba swali halikwepeki, kwa kuwa sindano lazima iingie.

Hapa ndipo neno deni linapopata maana yake kamili. Mapokezi ya kisa hiki yanatofautiana juu ya mwisho wa mwana, lakini yanakubaliana kwamba hakukipata alichoahidiwa. Kubadilika kwa mapokezi kunaonyesha kwamba kanuni si jiwe. Wasimulizi waliigusa hapa na pale. Ila hakuna aliyethubutu kumlipa mwana. Tendo lake lilibaki na gharama katika kila mapokezi, na uthabiti huo ndio mpaka halisi wa kanuni. Msikilizaji anayemkatiza msimulizi kwa kumbadilisha muuaji halindi maelezo madogo ya kihistoria. Anakataa kumwona mtu akiondolewa lawama kwa hila ya mtunzi.

Pingamizi la Lear

Pingamizi zito dhidi ya hoja hii linatoka katika historia ya tamthilia ya Shakespeare, King Lear. Mwaka 1681 Nahum Tate aliiandika upya ili iwe na mwisho mwema: Lear anarudishiwa ufalme, na Cordelia anaishi na kuolewa na Edgar. Kwa takriban miaka 150 hadhira ya Uingereza iliitazama na kuipenda tamthilia hiyo ya Tate, mpaka William Charles Macready alipoirudisha tamthilia ya Shakespeare jukwaani mwaka 1838. Samuel Johnson, mhakiki mkubwa wa karne ya kumi na nane, alikiri kwamba kifo cha Cordelia kilimshtua kiasi kwamba hakuweza kuisoma tena sehemu ile mpaka kazi ya uhariri ilipomlazimu. Ikiwa ni hivyo, je, si kweli kwamba wasomaji hupenda faraja kuliko uaminifu?

Pingamizi hili linaongezewa nguvu na jambo la pili. Shakespeare mwenyewe aliivunja asili. Katika masimulizi ya kale ya Uingereza, kama yalivyoandikwa na Geoffrey wa Monmouth katika karne ya kumi na mbili, mfalme huyo alirudishwa katika ufalme wake. Kwa hesabu ya umri wa chanzo, Tate alikuwa karibu zaidi na kanuni kuliko Shakespeare.

Jibu ni kwamba umri wa chanzo haujapata kuwa kipimo cha wasomaji. Shakespeare alipoubadilisha mwisho, aliliongeza deni: kosa la baba kwa binti yake, ambalo zamani liliweza kurekebishwa, sasa lina bei isiyolipika. Tate alilipunguza deni hilo mpaka likawa si kitu. Faraja aliyoitoa ilikuwa ya kweli, na si haki kuwadharau walioihitaji. Maisha yana misiba ya kutosha. Lakini ukweli kwamba tamthilia ya Shakespeare ilirudi, na kwamba leo ya Tate hutajwa zaidi na wanahistoria, unaashiria kwamba faraja ya namna hiyo haidumu. Watu huirudia hadithi inayowakumbusha wanachodaiwa. Kwa hiyo dai la makala hii linahitaji kuwekewa mpaka: mtunzi anaweza kuivunja kanuni na akastahili, ikiwa kuvunja kwake kunaongeza uzito wa yaliyotendwa. Asilosamehewa ni kuivunja ili yawe mepesi.

Saada na ukimya wa kanuni

Linabaki swali gumu zaidi kuliko la Tate. Kanuni hutungwa na watu, na watu hao huwa na nafasi yao katika jamii. Je, uaminifu kwa kanuni si uaminifu kwa wale walioitunga, na kwa upofu wao?

Liyongo alipokuwa gerezani, chakula chake kilipelekwa na kijakazi, Saada. Walinzi walikuwa wakivitwaa vyakula vizuri. Liyongo alimtuma Saada kwa mama yake kwa maneno yaliyofichwa katika wimbo, mama akapika mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, na walinzi wakaudharau mkate ule na kuupitisha. Liyongo akakata pingu. Bila ya Saada hakuna kutoroka, na bila ya kutoroka hakuna utendi. Lakini utendi unaendelea na Liyongo, naye Saada anabaki nyuma.

Kwa msomaji wa Kisauni ukimya huu si jambo la mbali. Upande huo huo wa bara ya kaskazini ndiko Frere Town ilikoanzishwa katika miaka ya 1870 kuwa makao ya watu waliookolewa katika biashara ya watumwa, na ndiko alikotoka James Mbotela, mtoto wa mmoja wa watu hao, aliyeandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Msomaji anayejua kwamba historia ya mahali anapoishi imeandikwa na vizazi vya watu waliokuwa katika hali ya Saada hawezi kumpita Saada kama vile utendi unavyompita. Methali isemayo mwacha asili ni mtumwa hutajwa mara kwa mara kuitetea kanuni. Ila katika kisa hiki mtumwa yumo ndani ya asili yenyewe, na ndiye aliyeibeba mkononi.

Wengine wangependa kulitatua tatizo hili kwa kuivunja kanuni: Saada anakombolewa, anapewa mali, au anatoroka pamoja na Liyongo. Nia ni njema, lakini matokeo yanafanana na ya Tate. Saada akishalipwa katika hadithi, msomaji hamdai mtu yeyote tena. Jean Rhys alikutana na tatizo la aina hii alipoandika Wide Sargasso Sea, iliyotoka mwaka 1966, juu ya mke aliyefungiwa darini katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë ya mwaka 1847. Rhys alimpa mwanamke huyo utoto, jina jingine, visiwa vya Karibi na sauti yake mwenyewe. Hakumtoa katika nyumba ile. Riwaya inafikia pale pale ambapo Brontë alikuwa amekwisha kufika, penye mshumaa na nyumba itakayoungua. Msomaji wa Rhys akiirudia Jane Eyre hawezi kuisoma kama zamani, na hali hiyo imewezekana kwa sababu mwisho wa Brontë haukukanushwa.

Hivyo ndivyo takhmisa inavyofanya kazi. Anayetaka kumtendea Saada haki atatunga vipande vitatu vya kwanza: alichokifikiri njiani akiwa na mkate mzito kuliko mkate, alichokisikia walinzi walipomcheka, alichokijua kuhusu wimbo aliotumwa kuupeleka. Kisha ataviacha vipande viwili vya mwisho vije kama vilivyokuja daima. Liyongo atakata pingu, naye Saada hatatajwa tena. Na safari hii ukimya huo utasikika.

Hitimisho

Mapenzi ya msomaji kwa hadithi isiyovunja asili yameelezwa hapa kwa hatua tatu. Kanuni humpa msomaji, hasa yule asiye na nasaba, mamlaka ya kubisha. Humwondolea swali la kitakachotukia ili apate nafasi ya kuuliza kwa nini. Na humzuia mtunzi asiwafutie wahusika madeni yao kwa wino. Hatua ya tatu ndiyo inayozibeba mbili za kwanza. Hadithi za mashabiki ni utanzu mgeni kwa jina, lakini swali wanalojiuliza wasomaji wake limekwisha kuulizwa pwani, katika kila ubeti wa takhmisa ambamo wa baadaye alisema kwanza na wa kwanza akaachiwa kumaliza. Dawa ya deni ni kulipa, husema Waswahili. Fasihi haiwezi kumlipa Saada. Inachoweza ni kuiweka hesabu yake wazi, na uaminifu kwa kanuni ndiyo njia ya kuizuia hesabu hiyo isifungwe kabla ya wakati.